Tiki ya Bluu na Matangazo ya Misiba

Nilianza kutangaza misiba kwa sababu picha za marehemu zilikuwa kwangu. Nina duka la steshenari Mkomaindo, upande ule wa Masasi wenye hospitali, na kwa miaka mingi watu wa vijijini wakihitaji paspoti saizi za bima au za shule huja kupigiwa kwangu. Mtu akifariki, ndugu hurudi kuomba picha ileile ikuzwe na kutiwa kwenye fremu. Siku moja mama mmoja aliyefiwa na mume aliniomba niiweke na mtandaoni, ili wanawe walioko Dar es Salaam waione. Nikaiweka kwenye akaunti yangu, chini nikaandika jina, ukoo, kijiji na siku ya maziko. Wiki ile ile wakaja wengine wawili. Waislamu hawakutaka picha. Walitaka jina na saa tu, maana wao hawakawii kuzika.

Baba yangu alikuwa karani wa kanisa, na Jumapili ndiye aliyesoma matangazo. Hakupata kusoma karatasi ambayo hakumjua aliyeileta. Mimi nami nilifanya hivyo. Akija mtu na habari ya msiba, nilimpigia kwanza mwenyekiti wa kitongoji, au katekista, au imamu wa kule, nikauliza, "Ni kweli fulani ametutoka?" Nikijibiwa ndiyo, naandika. Kazi hiyo haikunilipa kitu. Watu walizoea, wafuasi wakawa wengi, wengi wao wakiwa watu wa kwetu wanaoishi mbali.

Asubuhi moja nilipigiwa simu na mwalimu aliyenifundisha darasa la nne. Ni mstaafu, anaishi Newala, kwao alikozaliwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia nimekufa. Nimeona nikuulize wewe mwenye tangazo, nazikwa lini?"

Nilidhani ananitania. Mwalimu si mtu wa utani, ila nilidhani hivyo. Kumbe mtu asiyejulikana alikuwa amefungua akaunti yenye jina langu na picha yangu, ile niliyopiga nimesimama mlangoni pa duka. Alinakili matangazo yangu ya nyuma, kisha akaongeza la kwake: Mwalimu amefariki, rambirambi zitumwe kwenye namba hii. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wametuma. Mmoja alimpigia mke wa Mwalimu kumpa pole, na simu ikapokelewa na Mwalimu mwenyewe.

Niliandika kwenye akaunti yangu kwamba ile si mimi. Yule mwigaji naye akaandika kwamba mimi ndiye mwigaji. Watu wakashindwa kujua washike lipi. Wengine walikuja dukani kunitazama, kana kwamba wakiniona uso watajua ni ipi kati ya zile mbili iliyo yangu.

Mdogo wangu wa kike yuko Dar es Salaam, ni muuguzi. Ndiye aliyenisihi nilipie tiki ya bluu, ile alama inayowekwa mbele ya jina kuonyesha kuwa akaunti imehakikiwa.

"Dada, lipia yaishe," alisema. "Ni hela ya kila mwezi, lakini si kubwa."

"Kwa nini nilipe ili niambiwe mimi ni mimi? Aliyeiba jina langu ndiye alipe."

"Wewe uko Masasi, ukitilia shaka unavuka barabara unauliza. Sisi huku tumuulize nani? Kwetu sisi wewe ni jina tu kwenye simu."

Nilipokwenda Newala kumpa Mwalimu pole ya kufa kwake, nilimweleza maneno hayo. Tulikaa ndani, maana ukungu wa Newala ulikuwa bado haujainuka. Mke wake alituletea uji wa mtama. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alama ikinunuliwa, mwenye hela ndiye mkweli," alisema. "Sisi tulipokuwa tunatia vema kwenye daftari, mtoto hakulipa. Tulitia kwa sababu tumesoma alichoandika."

"Kwa hiyo nisilipe?"

"Sijasema hivyo. Mimi nilikufa, na wewe hukuwa na alama. Fanya utakavyoona."

Nililipa. Sikuongozwa na sababu ya maana sana, nilichoka kuulizwa. Wenye mtandao walitaka picha ya kitambulisho changu cha taifa na picha ya uso wangu. Nikatuma, nikakataliwa. Jina la kwenye kitambulisho na jina la kwenye akaunti hayakufanana. Siku ya kujiandikisha nilikuwa nimetamka jina la babu yangu kama wanavyolitamka nyumbani, ambako *r* na *l* hazigombani, na likaandikwa kama nilivyolitamka. Kwenye akaunti nililiandika kama alivyoliandika baba yangu kwenye vitabu vya kanisa. Ili nihakikiwe, ilinibidi nibadilishe jina kwenye akaunti lifuate kosa. Nikabadilisha. Baada ya siku mbili tiki ikaja, ikakaa mbele ya jina ambalo baba yangu angelisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Akaunti ya mwigaji ilipotea wiki hiyo. Mdogo wangu alifurahi. Watu waliokuwa wameondoka wakarudi na wengine wapya wakaja. Matangazo yangu yakaanza kutumwa kwenye makundi ya ukoo, na chini yake mtu anaandika, "Ni ya kweli, ina tiki." Simu za kuniuliza kama tangazo ni langu zikakoma. Niliona nimepumzika. Pole pole nami nikaanza kupunguza simu za kuuliza. Aliyeleta habari nikimfahamu, sikupiga. Baadaye nikawa sipigi hata nisipomfahamu. Sikumbuki siku nilipoamua hivyo, na nadhani sikuamua.

Ulikuwa msimu wa korosho. Wakulima wa vijijini walijaa dukani kutoa nakala za vitambulisho na kadi za benki, kwa ajili ya malipo ya mnada. Dereva wa bodaboda aliingia na karatasi iliyokunjwa. Iliandikwa jina la mama mmoja, kwamba amefariki na atazikwa kesho yake Lukuledi.

"Wamesema picha yake unayo humo kwenye kompyuta," alisema, akaondoka, kwa kuwa pikipiki aliiacha inanguruma.

Nilitafuta jina, picha ikatokea, nikaiweka, nikaandika tangazo. Hazikupita dakika tano. Kisha nikarudi kwenye nakala zangu.

Mama wenye jina hilo walikuwa wawili. Wa Lukuledi ndiye aliyefariki, na picha yake aliipigia mahali pengine, ndugu walijichanganya. Niliyemweka mimi alikuwa wa Chiungutwa. Alikuja dukani mwaka uliotangulia kupiga picha ya bima.

Alasiri nilipigiwa na mtendaji wa kijiji cha kule.

"Mama uliyemtangaza nimepishana naye sasa hivi kwenye mashine ya kusaga," alisema. "Anauliza amekosa nini."

Niliondoa picha, nikaandika masahihisho na kuomba radhi. Masahihisho hayatembei kama msiba. Tangazo lilikuwa limekwisha kuingia kwenye makundi nisiyoyajua, lenye uso wake na tiki yangu.

Mama yule alikuwa na mwana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma Dar es Salaam. Alipata picha hiyo kutoka kwa binamu aliyeandika neno moja tu, pole. Lukuledi ndiko kwa wajomba wa mama yake, kwa hiyo alipoona jina la kijiji alijua wameamua kumzika kwao. Akanunua sanda, akapanda basi la alfajiri. Simu yake ilizimika njiani. Alifika Lukuledi watu wanarudi kutoka makaburini. Aliwaambia yeye ndiye mtoto wa marehemu. Watoto wa marehemu, watano, walikuwa wamekaa mkekani na wote hawamjui. Ilichukua muda wazee kuelewa mambo, na mmoja wao ndiye aliyempeleka Chiungutwa kwa pikipiki jioni ile.

Haya nilisimuliwa siku ya tatu, nilipokwenda mwenyewe. Nilichukua sukari na doti ya kanga, nikapanda bodaboda. Nilimkuta mama amekaa uani, anachambua korosho, nzuri huku, zilizooza huku. Mwanawe alikuwa anafunga bawaba za mlango wa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha."

"Ndimi. Nimekuja kuomba radhi."

"Mimi radhi nimetoa. Sikuumia, nilikuwa kwenye kusaga." Akamwelekezea mwanawe kidole. "Aliyeumia yule. Muombe yeye."

Yule bwana aliweka bisibisi chini. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Nilimwomba radhi, akaniitikia kwa kichwa. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwa na haki ya kumuuliza, kwa nini hakupiga simu kwanza.

"Ningempigia nani? Mtu hampigii marehemu," alisema. Kisha akafikiri. "Zamani ulipokuwa unaandika, nilikuwa nampigia mjomba kuhakikisha. Kila mara. Ulipowekewa ile tiki, niliacha. Nilijua wameshahakikisha wenyewe."

"Walihakikisha jina langu tu," nilimwambia. "Tangazo hawakulisoma."

"Sasa nimejua."

Mama alisimama, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Nilitambua ni nini kabla hajasema.

"Anataka kuirudisha dukani," alisema. "Nimemkataza. Itakaa sandukuni, haiozi. Ila siku yangu ikifika wewe usinitangaze. Atumwe mtu aende akamwambie."

Nilikubali. Tulikula ugali na kisamvu, tukaongea habari za bei za korosho. Bwana yule alinisindikiza hadi barabarani, wala hatukuzungumza tena habari ile. Nilisikia baadaye kwamba alikaa kijijini wiki mbili, akatengeneza milango yote.

Mwezi ulipoisha sikulipia tiki. Ilitoweka kimya kimya kama ilivyokuja, nikarudisha jina langu lilivyoandikwa na baba. Mdogo wangu alinikasirikia.

"Umekosea wewe, unaiadhibu tiki," alisema.

Alikuwa na haki. Tiki haikusema uongo. Ilisema aliyeandika ni mimi, na kweli niliandika mimi. Kosa lilikuwa kwamba watu waliisoma kama saini ya mwenyekiti, na mimi niliwaacha waisome hivyo kwa kuwa ilinipunguzia kazi. Nilimweleza hayo, akasema nimejibu vizuri lakini bado sijamwambia afanye nini tangazo la bandia likimfikia.

Mwigaji alirudi baada ya miezi michache. Safari hii aliyetapeliwa alikuwa mama muuza vitenge, mzaliwa wa Masasi, aliyetuma mchango wa msiba usiokuwepo. Alinipigia, hakunitukana. Aliniuliza tu kama ile hela ya kila mwezi ilinishinda. Nilimwambia haikunishinda. Akakata simu.

Kwa hiyo nalipa tena, na jina langu limerudi kwenye kosa lake. Sioni kama ni haki. Ulinzi wa jina la mtu ungepaswa kutolewa na wale wanaoliweka jina hilo mbele ya watu wote na kupata faida kwalo. Wapo wenzangu wenye kazi kama yangu, mmoja Newala anayetangaza watoto waliopotea na mwingine Nachingwea, wasioweza kulipa kila mwezi. Hao wanaonekana ni waongo bila kusema uongo wowote. Mwalimu nilipomwambia nimelipa tena alisema, "Sawa," akaniuliza habari za mvua.

Nilichobadilisha ni kimoja. Kwenye kila tangazo naandika nimeongea na nani, cheo chake na saa niliyompigia. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Newala, amefiwa na shangazi yake. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Nikamwomba namba ya mwenyekiti wao, nikaanza kupiga mbele yake.

"Huniamini?" aliuliza.

"Nakuamini, baba. Ni utaratibu tu."

Alikunja uso. Simu iliita mara ya kwanza ikakatika, kule mtandao ni wa shida. Nikampa kiti. Alikataa kukaa, akasimama kaunta akiitazama simu yangu, nami nikapiga tena.