Kiganja Changu Kwenye Ukuta wa Shemeji

Mimi ndiye niliyelijaza lile gobole mara ya pili. Haya, nimesema. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikatoka nje, nikaizunguka mashine ya kukoboa mpunga kama mtu aliyepoteza funguo, nikarudi nikaiandika tena. Nakaa Ubaruku. Jina langu mniachie, maana wakilijua wengi hapa hata salamu sitaipata.

Gobole lilikuwa la kaka yangu, na kibali alikuwa nacho. Ni zile bunduki za kizamani za kujazia mdomoni: inaingia baruti, inafuata risasi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma. Bomba lake lilikuwa nene, linameza gololi kubwa ya risasi ambayo kaka aliitumia kwa nguruwe pori wanaofukua mahindi yetu ng'ambo ya mfereji. Kwa ndege alikuwa na marisau, vile vidude vidogo kama punje za mtama. Gololi ina siku yake na marisau yana siku yake. Kaka hakuvichanganya hata mara moja.

Na nyumbani kwetu kuna sheria tuliyoikuta kwa marehemu baba. Gobole likishajazwa linazibwa gunzi la muhindi mdomoni, na aliyelijaza ndiye mwenye kulifyatua au kulitoa risasi. Mwingine akiligusa, kwa sababu yoyote ile, amwambie mwenyewe kabla jua halijazama. Basi! Sheria nyepesi namna hiyo, hata mlevi anaiweza. Mimi na akili zangu timamu ilinishinda.

Siku hiyo rafiki yangu wa Igawa alikuwa anakuja na mchumba wake, na mdomo wangu ulishanitangulia. Nilikuwa nimemwambia watakula kanga wa porini, si kuku wa kizungu. Kaka alikuwa ameenda Mbalizi msibani. Shemeji, mke wa kaka, mwenyeji wa Ilula kule Iringa, alikuwa ameshinda siku mbili tatu akipaka ukuta wa sebuleni udongo mpya. Mikono yake mimi naijua, ukuta wake ukikauka unang'aa kuliko wa saruji. Muda ule alikuwa ameenda kuchota maji mferejini.

Niliingia sebuleni nikalishusha gobole. Gunzi lilikuwa mdomoni.

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimeona video kwenye simu, mzungu mmoja mwenye kitambi anajaza bunduki yake nene gololi, halafu marisau juu yake, anafyatua, wenzake wanapiga makofi. Sikuelewa neno hata moja alilosema. Huenda alikuwa anasema mtu asijaribu nyumbani kwake! Mimi nilisikia makofi tu. Nikachomoa gunzi. Nilijua ndani kuna gololi na baruti yake, wala msidhani nilikosea kwa kutojua. Nikaongeza baruti nyingine juu, nikaongeza marisau, nikashindilia, nikajiona fundi.

Kanga wenyewe niliwaona migongo tu, sikufyatua hata mara moja. Mvua ikashuka, nikarudi mbio, nikalitundika gobole kwenye msumari wake na gunzi lake mdomoni, likawa vilevile kama nilivyolikuta. Miguu yangu ilikuwa na tope, nikateleza, nikajishikiza ukutani kwa kiganja, chini tu ya ule msumari. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikajifuta kwenye suruali nikatoka, na wageni wangu wakala dagaa.

Jioni kaka akarudi. Tulikula ugali sahani moja. Neno lilikuwa hapa kooni, jamani, lilikuwa hapa! Nikasema kachoka, nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikawahi mashineni. Nikasema jioni basi. Jioni alikuwa na hasira za bei ya mbolea. Nikazoea. Mtu anazoea upesi mno kukaa na jambo baya.

Nguruwe waliingia shambani alfajiri moja ya wiki hiyohiyo. Kaka akachukua gobole lake, akaliangalia gunzi, akajua ni gololi yake mwenyewe aliyoiweka kwa mkono wake. Kwa nini alipime tena? Nilikuwa napiga mswaki uani niliposikia mlio, na haukuwa mlio wa gobole ninalolijua. Mswaki ulinianguka. Nilijua kabla hata sijaanza kukimbia.

Bomba lilikuwa limepasuka kama mua. Mkono wake wa kushoto ulibakiwa na gumba na kidole cha mwisho. Mkulima huyo! Mtu aliyekuwa akipandikiza mpunga hadi majirani wanasimama kumtazama.

Nyumbani wakaanza kutafuta sababu, na sababu ikawa karibu. Kwetu mwanamke hashiki gobole, na shemeji alikuwa amelishusha wakati anapaka ukuta, akalitundika tena. Hakuficha, maana siku ileile alimwambia mumewe, kama sheria inavyotaka. Lakini mama akalishikilia hilo hilo. Udongo umeingia kwenye bomba, akasema, na mkono wa mwanamke umelikasirisha. Wajomba wakaitikia. Yeye aliyetii sheria ndiye aliyebanwa nayo, na mimi niliyeivunja nikawa nawagawia watu chai.

Nilipokwenda hospitali kaka akawaomba wengine watoke. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, jicho moja halifunguki.

"Uliligusa gobole?" akaniuliza.

"Sijaligusa, kaka."

"Niangalie."

Nikamwangalia. "Sijaligusa."

Akanishika mkono kwa ule uliobaki mzima, akasema basi, ameridhika. Mungu wangu! Ningekubali anitukane. Ningekubali anipige. Aliponishika mkono ndipo nilipoona siwezi tena kurudi nyuma, na huo ndio woga wenyewe, kwa sababu ningeweza. Mlango ulikuwa wazi na kaka alikuwa hai.

Shemeji alirudishwa kwao Ilula kabla kaka hajatolewa bandeji. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Walimnunia tu, chakula chake hakiliwi, maji aliyochota hayaoshewi kidonda, mpaka akafunga vitu vyake mwenyewe. Aliniaga vizuri. Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, nikajisemea ni uchungu wa safari.

Tangu hapo mimi si mtu wa kutulia. Nikikuta chupa ya chai mezani naitikisa kujua kama ina kitu ndani. Nikikuta ndoo imefunikwa naifunua. Mashineni nachungulia kinu mpaka wenzangu wananitania kwamba natafuta mchumba humo. Nikilala nahisi kuna kitu nimekiacha mahali na mtu anakwenda kukishika. Kitanda changu kinanijua kwa mgongo tu, maana usingizi hatuonani.

Baada ya mavuno nikashindwa. Nikamdanganya kaka kwamba nafuata vipuri vya mashine Makambako, nikapanda basi nikapitiliza mpaka Ilula. Nilimkuta shemeji kwa wazazi wake, amekaa kati ya matenga anachagua nyanya. Tukasalimiana kwa kikwao, kamwene, kamwene, kama vile hakuna kilichotokea. Akanipa kigoda. Nikashindwa kukikalia, nikasimama.

"Shemeji, gobole nililijaza mimi," nikasema.

Hakuacha kuchagua nyanya. "Najua. Nilikiona kiganja chako ukutani kabla udongo haujakauka."

Hapa lazima niwaambie kitu. Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kimepinda tangu utotoni, nilikivunja kwenye mpira. Nyumba nzima hakuna mwingine mwenye kidole hicho.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akainua uso.

"Nilimwambia kaka yako. Akasema ameshakuuliza, na kwamba wewe huwezi kumdanganya."

Nililia pale mbele ya matenga, mwanaume mzima na ndevu zangu. Nikamwomba arudi, nikaapa nitasema mbele ya mama na wajomba wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikaripia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kisha akasema mwenye kumwomba arudi si mimi.

Safari ya kurudi sikuiona. Nilimkuta kaka amekaa uani anajifunza kufunga kamba kwa mkono mzima, vidole viwili na meno. Nikamwambia yote nikiwa wima, kuanzia kanga mpaka hospitali. Nilitegemea anirukie. Aliinuka taratibu akaingia sebuleni, akasimama mbele ya ukuta. Nusu yake inang'aa, nusu ni tofali tupu, kwa sababu aliyekuwa anaupaka aliondoka kabla ya kumaliza.

"Weka mkono," akasema.

Nikauweka. Uliingia wote, pamoja na kidole kilichopinda.

Kaka akasogea karibu. "Nilikuwa naupita kila siku," akasema. "Nikajiambia ni udongo tu umebonyea."

Mbele ya mama na wajomba nilisema kama nilivyoahidi. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na mpaka leo hilo jambo haligusi. Kaka yeye alivaa shati lake la kanisani akaenda Ilula. Alikaa huko siku kadhaa, nikapata matumaini, nikafagia uwanja, nikanunua na sabuni ya kunukia niweke bafuni. Alirudi peke yake.

Alisema walimpokea vizuri, na shemeji mwenyewe alimpikia na kumkatia nyama, maana kisu kinamshinda. Halafu akamkatalia. Kamwambia mume mwenye vidole viwili angeishi naye mpaka uzeeni, lakini hawezi kurudi kwenye nyumba ambayo alionyesha ukweli kwa kidole na mumewe akachagua kutoutazama. Kaka alinisimulia hayo bila kupandisha sauti. Kisha akaniambia niumalize ukuta, kwa sababu hauvumiliki.

Nimeumaliza. Nimechimba udongo kulekule alikokuwa akichimba shemeji, nimeukanda, nimepaka mchana kutwa kwa wiki nzima, na haung'ai. Pale penye kiganja nimefika mara nyingi na tope mkononi nikashindwa kupaziba. Kaka anapita na anapaona. Nami kila nikipita hapo mkono unaniwasha.

Sikuandika ili mnihurumie. Nimeandika kwa ajili yako wewe uliyeshika kitu cha mtu leo, bunduki au pikipiki au chupa ya dawa, ukakirudisha mahali pake kimya, kikaonekana vilevile kama ulivyokikuta. Usingoje ashibe wala apumzike. Weka simu chini, inuka hapo ulipokaa, nenda kamwambie sasa hivi, kabla mwenyewe hajakishika.