Mwomboko na Sauti ya Mama

Mama alipokuja kutoka Unguja kukaa nasi Walthamstow, London, baridi ilimfunga ndani. Mwanzo alijishughulisha na jiko langu, akapanga upya makopo ya viungo, akafua mapazia yasiyokuwa na uchafu wowote. Kisha akachoka. Nikirudi kutoka hospitali, ninakofanya kazi ya uuguzi, namkuta kakaa karibu na hita, kajitanda kanga juu ya sweta, anaangalia mabasi yakipita. Nikimuuliza hali ananijibu, "Nipo tu, mwanangu." Jibu lile likinikata maini.

Nyumba ya chini yetu wanaishi mume na mke Wakikuyu, watu wazima, waliotoka Murang'a miaka mingi iliyopita. Mke alikuwa anatimiza miaka sabini, na watoto wake walikuwa wamemkodia ukumbi wa kanisa kule Tottenham. Akapanda ngazi mwenyewe kuja kutualika. Mama aliposikia kanisa akasita.

"Tunakwenda kula, hatwendi kusali," nikamwambia.

"Haya. Lakini nitakaa karibu na mlango."

Jumamosi mchana tukapanda basi, mimi, Mama na binti yangu. Ukumbini kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, nyama choma, pilau na chapati za kutosha jeshi zima. Vijana waliozaliwa huku walikuwa na spika yao, wakipiga muziki wao. Tulipomaliza kula, mzee, mume wa mwenye sherehe, akaomba spika izimwe. Akafungua mfuko, akatoa kodiani ndogo nyekundu, kile kinanda cha kuvuta na kubana, imechubuka pembeni. Rafiki yake akakaa ubavuni mwake na chuma cha duara mkono mmoja, kijiti cha chuma cha kukigongea mkono wa pili.

Mimi nimekulia Unguja. Kodiani naijua ya taarabu, ipo katikati ya fidla na ganuni, inasubiri zamu yake kwa adabu. Sikuwahi kuisikia ikiwa peke yake na kipande cha chuma, ikiubeba ukumbi mzima. Wazee wakainuka wawili wawili, wakashikana. Hatua mbili mbele, kisha magoti yakakunjwa, wote kwa pamoja, kama vile sakafu imeshuka ikapanda tena. Mwenye sherehe, ambaye kwenye ngazi zetu hushuka kwa kushika ukuta, alikuwa anazunguka na kaka yake kama msichana.

"Hii ngoma gani?" Mama akamuuliza bibi aliyekaa karibu yetu.

"Mwomboko. Wazazi wetu waliicheza ujana wao. Kodiani ililetwa na wageni, sisi tukaifundisha Kikuyu."

Muziki uliposimama, Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kunawa mikono. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya yule mzee.

"Baba, nipe niishike kidogo."

Akaipachika kifuani bila ya kuelekezwa, akapitisha mkono wa kushoto kwenye mkanda wake. Lakini vidole vya mkono wa kulia vikababaika, kwa sababu badala ya vibao kama vya piano alikuta vitufe. Akabonyeza kimoja, akavuta, akabana. Kikatoa sauti mbili tofauti.

"Ala! Kitufe kimoja, maneno mawili?"

Mzee akacheka. "Hii inapumua, mama. Ikivuta pumzi inasema hivi, ikitoa inasema vile."

"Mama, kodiani umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mjomba wangu, klabuni kwao kwa taarabu, mtaani Ng'ambo. Akinifundisha alasiri kabla wenziwe hawajaja mazoezini. Nimepiga mpaka nilipoolewa."

"Mbona hujaniambia hata siku moja?"

"Ningekwambia nini, na kodiani yenyewe sina?"

Akamrudishia mzee. "Basi piga wewe, mimi nitaimba."

Akaanza wimbo wa zamani wa harusi, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, nzito chini na nyembamba juu kama uzi. Mzee akafumba macho, akainamisha kichwa, akawa anaitafuta sauti yake kwenye vitufe. Zilikuwepo noti za Mama zilizoanguka baina ya vitufe viwili, ambazo kodiani ile haina. Akifika hapo, mzee hakulazimisha. Alishikilia noti moja ya chini, akaiacha sauti ya Mama ivuke peke yake, kisha akampokea ng'ambo ya pili. Mwenye chuma naye akapunguza mkono mpaka mlio ukabaki kama tone la maji.

Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza, akiuliza kama yule kweli ni bibi yake.

"Ndiye," nikamjibu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa namtazama kama mgeni.

Tangu siku ile kiti cha karibu na hita kikawa kitupu. Kila Jumapili, majirani zetu wakisharudi kutoka kanisani, Mama akishuka kwao na sahani ya vitumbua. Mzee akimfundisha vitufe, yeye akimfundisha nyimbo, na vicheko vyao vikipanda hadi kwetu. Siku moja nilisikia mwomboko ukikwama, ukaanza tena, ukakwama palepale, kisha sauti ya Mama ikifoka: "Ngoja! Nilibana pahala pa kuvuta!"