Kizibo cha Nusu Inchi

Fundi bomba wa mtaa ule aliitwa Kavu, na jina hilo alilipata kwa haki. Akimaliza kufunga bomba la mtu, hakusimama kudai ujira kama mafundi wengine. Alitandaza ukurasa wa gazeti chini ya kiungo, akageuza ndoo, akaikalia na kulitazama lile gazeti kama anayesubiri habari zake zibadilike. Tone likidondoka, alianza upya bila kunung'unika. Lisipodondoka, aliliokota gazeti, akalipapasa kwa kiganja na kutangaza, "Kavu!" Hapo ndipo kazi ilipokwisha. Tena alikuwa na sharti jingine: hali chakula cha mwenye kazi mpaka kazi iishe. Fundi aliyeshiba, alisema, huona kila kiungo kimekaza.

Mkewe alitamba na sifa hizo kila mahali, hata msibani. "Mume wangu hajawahi kuacha kazi nusu," alisema, na wenzake wakaitikia, maana ilikuwa kweli.

Basi siku moja mwenye baa akamwita. Baa yenyewe ilikuwa uchochoroni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na Kavu alikuwa ameipita miaka nenda miaka rudi bila kutia mguu. Haikuwa na cha kumvuta mtu: viti vya plastiki, kaunta iliyobabuka rangi, redio inayokoroma, na wanywaji wachache wa jioni, kila mmoja na kona yake. Mwenye baa alikuwa mnene, mpole, na shati lake lilifungwa kwa vifungo viwili vilivyobaki pamoja na imani. Akamvuta fundi pembeni.

"Fundi, nataka unikatie maji ya jikoni. Ukate, uzibe, basi."

"Bomba linavuja?"

"Wala. Jiko nalifunga, pale naweka meza ya pool. Inakuja Jumamosi ya wiki ijayo." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Ila jikoni yuko shangazi yangu. Ukimkuta, mwambie bomba limeoza, halitengenezeki tena."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe kwamba unafunga?"

"We! Huyo ndiye aliyenilea. Nitaanzia wapi kumwambia chakula chake hakitoki? Watu hapa wanakuja kunywa, wanakwenda kula kwao."

Kavu hakupenda kutumwa uongo. Lakini kazi ni kazi, na fundi huitwa kuunga na huitwa kukata. Akabeba mfuko wake, akaingia jikoni.

Kilikuwa chumba kidogo, kisafi hata mtu angeweza kulala sakafuni. Shangazi alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, mwiko mkononi kama askari na rungu lake.

"Wewe ndiye fundi? Vua viatu."

Kavu alijikuta peku kabla hajafikiri.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Ahsante, Shangazi. Mimi huwa sili kazini."

"Sijakuuliza habari za kazi. Nimeuliza umekula?"

Kavu akacheka, akaingiza kichwa chini ya sinki, akaweka msumeno kwenye bomba. Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Ilikuwa ya kitunguu kilichokaangwa na mtu asiye na haraka, ikafuatwa na ndimu, kisha samaki. Akainua kichwa ghafla, akakigonga kwenye sinki. Alipotoka huku akijisugua utosi, alikuta sahani juu ya kigoda chenye kitambaa safi: maharage, kipande cha samaki kwenye mchuzi wake, na viazi viwili.

Nitaonja tu, alijiambia, nisije nikaonekana mtovu wa adabu.

Maharage aliyoyajua Kavu hukaa tumboni kama kokoto. Haya yalikuwa laini bila kupondeka, kila punje na ngozi yake, na mchuzi mzito uliong'ang'ania kijiko. Samaki naye aliachia mfupa kwa hiari yake. Kavu alikula kimya, kisha akaanza kucheka peke yake, kisha akakasirika. Kitu kama hiki kiko hatua chache kutoka duka analonunulia mabomba kila wiki, na yeye mchana hushindia mkate mkavu kibarazani! Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuifahamu baa hii.

"Chumvi imekaa?" Shangazi akauliza.

"Imekaa, Shangazi. Imekaa sana."

"Wateja wangu hawanung'uniki. Kila asubuhi nazikuta sufuria zimekwanguliwa." Alisema hivyo kwa raha, huku akifuta mwiko.

Kavu akaduwaa. Mpwa anasema hakuna anayekula, shangazi anasema wanakwangua. Alirudisha msumeno mfukoni, akavaa viatu, akaenda kaunta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi akamdanganya mwenye kazi.

"Sina kizibo cha nusu inchi. Nitarudi kesho."

Kesho yake alirudi na mwashi, eti aje autazame ukuta. Siku iliyofuata alikuja na fundi umeme, maana ni lazima ijulikane nyaya zinapita wapi. Baadaye akaja na fundi rangi, na huyo hakutafutiwa hata sababu. Kila mtaalamu aliinama, akalitazama bomba, akatikisa kichwa kwa uchungu, kisha akala sahani mbili. Na mafundi hawana siri. Wakaanza kuja na wasaidizi wao, wakaja na jirani zao, na wanywaji wa jioni nao wakaanza kufika mchana kuona zile kona zao zimevamiwa na nani. Siku moja mwenye baa alimkuta muuza vifaa vya ujenzi mwenyewe amejikita mezani.

"Hivi jirani, kweli vizibo vya nusu inchi hakuna dukani kwako?"

Muuza vifaa alikuwa na kiazi mdomoni. Akakimeza kwanza. "Vimeadimika mno," akasema, akaomba mchuzi uongezwe.

Lakini uongo una gharama, na wa Kavu ulilipwa kwa jina lake. Mtaani watu walianza kusema mzee amechoka, bomba moja tu la jikoni limemshinda. Maneno yakamfikia mkewe, tena yakiwa yamenenepa njiani: eti hilo bomba linajifunga kanga. Mama wa watu akajumlisha. Mume harudi mchana, jioni akiandaliwa chakula anasema hasikii njaa, na usingizini anatabasamu. Jumamosi alivaa gauni lake la harusi za watu, akatoka.

Siku hiyo baa ilikuwa imejaa. Uchochoroni nje palikuwa na gari, na juu ya gari meza ya pool. Kavu alikuwa ndiyo kwanza amewekewa sahani yake mwenye baa aliposimama mbele yake, jasho likimtoka.

"Fundi, leo unakata au hukati? Meza hiyo nje, nimeshailipia!"

"Na mimi nimekuja kuliona hilo bomba," sauti ikasema mlangoni. Kavu aliijua bila kugeuka. Viganja vyake, vilivyozoea kukagua ukavu, vikalowa.

Kwenye kidirisha cha jikoni kikatokeza kichwa cha Shangazi, miwani yake ya uzi ikimeta. "Bomba gani linakatwa?"

Hata redio ilionekana kusita. Kavu alijua kwamba maneno mawili tu yangemwokoa. Aseme bomba limeoza, akate, azibe, atandaze gazeti, na jina lake lirudi mbele ya mkewe na mtaa mzima. Akamtazama yule mama na mwiko wake. Akashindwa.

"Bomba lako ni zima, Shangazi. Nimeitwa kulikata, na ninaweza kulikata nikiwa nimefumba macho." Akautikisa mfuko wake juu ya meza, vizibo vya nusu inchi vikamwagika, vikaviringika hadi sakafuni. "Ninavyo tangu siku ya kwanza. Sikati. Watu na waseme limenishinda."

Shangazi akaweka mwiko chini. Alikuwa anamtazama mpwa wake.

"Mwanangu, umenichoka?"

"Shangazi, hapana..."

"Na wateja wote wale waliokuwa wakikwangua sufuria zangu?"

Mwenye baa akainamisha kichwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekutwa na sukari. "Hawakuwepo, Shangazi. Nilikuwa nakula mimi. Ukishaondoka, nakaa stoo na sufuria zako nakula mpaka zote ziishe, usije ukazikuta zimejaa ukahuzunika. Mwaka mzima. Sijakuchoka. Nimeshiba tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka Shangazi alipovua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake na kusema, "Kumbe ndiyo maana kila kifungo ninachokushonea kinakatika!" Hapo baa nzima ikaangua kicheko, na mwenye baa akacheka kuliko wote, huku machozi yanamtiririka na yeye hayazuii.

"Ungeniambia," Shangazi akasema, safari hii kwa upole. "Mficha uchi hazai. Haya, chukua sahani, leo ule mezani kama mtu."

Mwenye baa akachukua sahani, akaipeleka kidirishani. Shangazi akafunua sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wabebaji wa meza ya pool walikuwa wameshaketi zamani, kila mmoja na chake.

"Kimeisha," Shangazi akasema. Akalirudia neno hilo polepole, kama mtu anayelionja. "Mwanangu, kimeisha!"

Mwenye baa akabaki amesimama na sahani tupu, ana njaa, na hajawahi kufurahi vile. Kavu akakumbuka kwamba yeye anayo sahani ambayo hajaigusa. Akageuka aigawe nusu kwa nusu.

Kwenye kiti chake alikuwa ameketi mkewe. Maharage hayakuwepo, samaki alikuwa mfupa, na mama alikuwa anamalizia kufuta sahani kwa kipande cha mwisho cha kiazi. Hakumtazama mumewe. Aliipapasa sahani kwa kiganja, taratibu, toka ukingo hadi ukingo, kisha akatangaza baa nzima isikie:

"Kavu!"