Cheche na Mashine ya Kulisha Matumbawe

Mdogo wangu huyu, ambaye karakana nzima inamwita Cheche kwa sababu ya kuchomelea na kwa sababu ya hasira zake, hakuwahi kupenda samaki. Aliyewapenda ni mkewe. Wifi yangu alikuwa mtu wa maabara hospitalini, mkono wake umezoea matone, na lile tangi la kioo lililokula ukuta mzima wa sebule yao lilikuwa lake tangu kipande cha kwanza cha tumbawe, kidogo kama ukucha, mpaka likawa bustani ya zambarau na kijani ndani ya maji ya chumvi. Kazi ya Cheche ilikuwa kubeba ndoo na kulalamikia mgongo.

Kisha wifi akaanza kusahau. Alianza na funguo, kama sisi sote, tukacheka. Ikafuata njia ya kutoka sokoni, yakafuata majina, mwishowe akamsahau hata binti yake wa pekee. Akaacha kula. Ukimweka mezani anakusukumia sahani kama umemwekea kokoto. Mimi ndiye niliyegundua, kwa bahati tu, kwamba ukimketisha mbele ya tangi, akaona samaki wanavyopenya katikati ya matumbawe, mdomo unafunguka wenyewe. Anakula mpaka kijiko kinagonga sahani tupu.

Binti yao anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Alipokuja kumtazama mama yake hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini nakwambia mapema. Mama akiacha kula tena, nitakuja kumchukua. Kwangu kuna chumba kinachoingia kitanda chake na cha msaidizi, basi. Wewe una karakana yako. Shangazi ni shahidi."

Nikawa shahidi, nitafanyaje. Cheche alitikisa kichwa kukubali huku anatazama viatu vyake. Hao wawili hawakuwahi kulala nyumba mbalimbali tangu waoane, isipokuwa wifi alipokwenda kujifungua.

Sasa tatizo lilikuwa kwamba tangi lenyewe lilishaanza kuugua. Matumbawe ni viumbe hai, hujijengea mifupa kwa chokaa iliyoyeyuka majini, na wakiimaliza lazima mtu airudishe. Wifi alikuwa akiirudisha kila asubuhi kwa matone kutoka kwenye chupa zake. Alipoanza kusahau alikuwa anatia, anasahau, anatia tena, hadi maji yakawa kama tui. Tukamnyang'anya chupa, naye akalia kama mtoto. Cheche akajaribu, lakini mkono uliozoea kuchomelea mageti utayajulia wapi matone? Leo kazidisha, kesho kasahau. Ncha za matumbawe zikaanza kupauka.

Hapo ndipo alipopata habari za mashine. Ni mtungi mrefu wa plastiki angavu uliojazwa kokoto za matumbawe makavu, yaliyokufa zamani. Maji ya tangi yanaingia polepole, yanachanganywa na gesi ileile ya kwenye soda, yanakuwa makali kidogo, yanazitafuna zile kokoto. Yanayotoka upande wa pili, tone kwa tone, yamebeba chokaa ya kuwalisha walio hai. Wafu wanawalisha wazima, alinieleza Cheche, na macho yalimng'aa kama ya mtu aliyebuni kitu hicho yeye mwenyewe.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la samaki wa mapambo. Muuza samaki, mtu mpole mwenye miwani inayoteleza, alikuwa na mashine tatu rafuni, na Cheche akaikumbatia kubwa kuliko zote.

"Hiyo hapana, mzee," muuza samaki alisema. "Hiyo ni ya tangi la hotelini. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Mashine hupimwa kwa matumbawe uliyonayo, yanakula kiasi gani kwa siku. Chukua hii ya kati."

Hapo alisikia, nashukuru. Akachukua ya kati, akachagua na kokoto nene, kwa kuwa ndogo zinageuka uji na kuziba mtungi. Lakini yule bwana alipotoa geji ya kufunga kwenye silinda ya gesi, pamoja na valvu ya umeme inayojifunga yenyewe maji yakizidi ukali, Cheche alicheka mpaka watu wakageuka.

"Ndugu yangu, mimi ujana wangu wote umeishia kwenye silinda. Gesi hiyohiyo ndiyo ninayochomelea. Geji ninazo, zimening'inia ukutani. Leo uje uniuzie mimi geji?"

"Ya kuchomelea ni nyingine, mzee. Hii ni ya hatua mbili, inashikilia msukumo mpaka mwisho."

"Na umeme wa nini? Macho yangu yanatosha."

Mzoea punda hapandi farasi. Nilimfinya mkono, akautoa mkono wake. Muuza samaki akasukuma miwani yake juu na kufunga mzigo.

Kufunga mashine kulimchukua siku nzima, na lazima niseme kweli, alifunga vizuri. Kokoto alizisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Mipira ya maji na ya gesi aliikaza kwa vibano, akapitisha sabuni kila kiungo kutafuta panapovuja, kama afanyavyo kazini. Silinda aliisimamisha pembeni ya tangi, akafunga geji yake ya karakana, akaizungusha kidogo kwa kidogo huku kabana pumzi, mpaka mapovu yakapita moja moja kwenye kichupa cha kuyahesabia, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Wifi aliketi kwenye kiti chake akayatazama mapovu yale, akatabasamu. Sijui alimtabasamia nani.

Na mashine ikafanya kazi! Ncha zilizopauka zikarudisha rangi, wale wa zambarau wakatoa vidole vyao vidogo kwenye maji na kupunga. Wifi alikula, akanenepa mashavu. Cheche akawa anaimba bafuni, sauti mbaya sijapata kuisikia. Binti akipiga simu baba mtu anamwambia, "Mama yako anakula kuliko mimi," na hakuwa anatia chumvi. Nilimwonea wivu kidogo, mimi mjane, kwa jinsi alivyokuwa akimfuta mkewe mdomo.

Siku moja nikaona mshale wa geji umelala chini.

"Cheche, hiyo silinda si inaisha? Ibadilishe kabla hujaondoka."

"Bado ina pumzi."

"Pumzi ya mgonjwa hiyo."

"Dada, wewe shona nguo zako. Mchomeleaji habadilishi silinda yenye pumzi. Karakana nzima itanicheka."

Ni kweli wangemcheka. Kule kwao anayerudisha silinda ikiwa na gesi ndani huitwa bwana harusi, mtu wa kumwaga mali. Wanaikamua mpaka moto unakohoa, na fundi hodari ni yule anayemaliza geti kwa pumzi ya mwisho. Cheche aliiacha ikiwa wazi, akampeleka mkewe kliniki, nami nikaenda nao kumshika mkono.

Tulirudi alasiri. Kilichotangulia kunifikia ni mlio, ule wa chungu kinachotokota. Mapovu hayakuwa yanatembea tena. Yalikuwa yanafurika, kichupa kizima kinachemka. Baadaye muuza samaki alitueleza, naye hakusema "nilikwambia", Mungu ambariki. Geji ya kawaida, silinda inapokaribia kukata, hulegea na kuachia gesi nyingi kuliko ulivyoipimia. Kwenye kuchomelea hakuna anayejali, moto ni moto. Kwenye tangi maji hugeuka siki.

Samaki walikuwa juu wanatweta, midomo nje. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, na ngozi yao ilikuwa inadondoka vipande vipande, inaelea kama nyuzi za pamba, ikiacha mifupa myeupe. Cheche alifunga valvu, akavua saa, akaingiza mikono yote miwili tangini mpaka mabegani, sijui alitaka kushika nini. Akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilimchukia saa ile, nasema wazi. Nilimchukia kwa kichwa chake kigumu, na dakika hiyohiyo nilitaka kumbeba mgongoni kama nilivyombeba alipokuwa mdogo.

Tulibadilisha maji, ndoo baada ya ndoo. Muuza samaki alikuja mwenyewe na dawa. Hapakuwa na cha kuokoa. Samaki wakafa, wengine leo, wengine kesho, na tangi likabaki na mifupa mitupu ndani ya maji ya kijivu. Tulimketisha wifi palepale. Alitazama kidogo, akafumba macho. Kijiko kikifika mdomoni anageuza uso. Cheche alimbembeleza, akamwimbia, akatia kijiko mdomoni mwake mwenyewe kumwonyesha utamu. Uji ulimtiririka wifi kidevuni. Mashavu yale yakarudi yalikotoka.

Binti alikuja na gari la kukodi. Hakugombeza mtu. Cheche ndiye aliyekunja nguo za mkewe, moja moja, kwa mikono ile minene, na ndiye aliyemfunga mkanda wa kiti. Wifi aliniaga mimi kwa heshima, akamuaga na mumewe kwa heshima ileile. Gari likaondoka.

Cheche hakwenda karakana juma lile. Nilimpelekea chakula nikakikuta kama nilivyokiacha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkewe.

Simu ya binti ilinikuta palepale, nikaiweka kwa sauti ya wazi nikidhani nafanya wema.

"Shangazi, mama anakula!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Jana nilikuwa nafua, nikamweka jikoni ili nimwone. Ile mashine ya kufulia ina kile kioo cha mviringo, nguo zinazunguka ndani. Shangazi, aliitazama, akafungua mdomo! Amemaliza sahani. Leo tena. Sina hata nguo chafu, nafua taulo zilezile."

"Alhamdulillahi," nikasema, na nikajuta kabla neno halijaisha, maana Cheche alikuwa amenyanyua kichwa.

"Muulize anamaliza sahani yote?" akaniambia.

"Yote, baba," binti alijibu mwenyewe. "Yote kabisa."

"Vizuri." Alilitazama tangi, na mashine yake pembeni, na mipira aliyoikaza kwa mkono wake. "Kumbe ningemwekea chochote," alisema.