Mlango Unaohesabu Watu

Mlango wa jengo tunamosalia una jicho. Ni jicho jeusi, dogo kama kifungo cha koti, limebandikwa juu kidogo ukutani, kando ya kioo, na ukilisogelea linazungukwa na duara la mwanga wa buluu. Nalichukia jicho hilo. Nalichukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu, na nimewahi kuwachukia watu kadhaa kwa bidii. Kila nikilipita nasikia kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele ndani ya uji akiwa ameshameza nusu kikombe.

Mimi ni Myahudi wa kuzaliwa, kutoka nyanda za juu za Kenya, na najua maneno hayo huwafanya watu waweke kikombe chini wanitazame upya. Babu alianza kushika Sabato, baba akarithi, nami nikarithi. Tulikuwa familia chache zilizotawanyika mashambani, na kazi kubwa ya Jumamosi haikuwa kusali, ilikuwa kupata wa kusali nao. Zipo sala ambazo kwetu mtu hawezi kuzisema mpaka wanaume kumi wawe pamoja mahali pamoja. Mojawapo ni Kadishi, ile ambayo mwana huisema kwa ajili ya mzazi aliyefariki. Wakiwa tisa, hata wawe tisa watakatifu, mfiwa atarudi nyumbani na Kadishi yake kooni.

Na kumi hao hawahesabiwi kwa namba. Kwetu ni mwiko kumhesabu binadamu kama mbuzi. Baba alikuwa akisimama mlangoni na kuitamka aya moja ya Zaburi yenye maneno kumi, neno moja kwa kila aliyeingia, huku akimtazama usoni. Neno la kumi likipata mwenyewe, alitabasamu na kuufunga mlango. Nyanya mzaa mama, ambaye hakuwa Myahudi na aliona dini yetu ni ukaidi mtupu, naye hakukubali mtu awahesabu wajukuu zake. Ukimwuliza ni wangapi, anakujibu, "Wapo." Katika jambo hilo moja mkwe na mama mkwe walielewana, na sikumbuki la pili.

Hapa Stockholm sisi ni kikundi kidogo. Tumepanga chumba ghorofa ya tatu katika jengo la ofisi, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Hagsätra ninapoishi. Naenda kwa miguu kwa sababu siku ya Sabato sipandi treni, siwashi kitu, wala sibebi kitu njiani, simu ikiwemo. Zamani tulipokezana kusimama pale chini mlangoni. Zamu zangu nilizifanya kwenye baridi ya kung'oa masikio, na nikawajua watu kabla hawajafika: huyu anaburuta kisigino, yule lazima akohoe kwenye kona. Ulinzi siukatai. Myahudi anayesema siku hizi hahitaji ulinzi anajitia hamnazo. Lakini mlinzi alikuwa mtu, na mtu ukimsalimu anakuitikia.

Kisha mmoja wetu, fundi wa kompyuta, mtu mpole ambaye sina ubaya naye hata leo, akatuletea jicho. Alitueleza kwa furaha kwamba hakuna atakayeganda tena mlangoni. Utajisajili kwa simu, utajipiga picha ya uso, na siku ya siku mlango utakujua na kukufungulia wenyewe. Tena, akasema, tutajua muda wowote kuna watu wangapi ndani. Aliposema "wangapi" niliwatazama wenzangu nione nani ameshtuka. Hakuna aliyepepesa jicho. Mmoja aliuliza bei.

Nikasema mimi mlango huo sitausalimu siku ya Sabato. Nitawaambia nini malaika, kwamba taa sikuiwasha mimi, imewashwa na pua yangu? Wakacheka. Mzee anayetuongozea sala akanitetea, na ikakubaliwa kwamba asiyetaka kutambuliwa na mashine asimame tu pale chini, fundi atamwona kwenye simu yake na kushuka kumfungulia. Yeye simu haimtoki mfukoni, Sabato au si Sabato. Hilo ni lake na Mungu wake, sikumwuliza. Siku ya kuanza tungetumiwa ujumbe.

Mwezi wa Desemba jua la huku linazama watu wakiwa bado kazini, na Sabato inaingia kabla ya saa tisa alasiri. Ijumaa hiyo nilikuwa nimeshawasha mishumaa miwili ya Sabato, na pembeni ule wa peke yake wa kumbukumbu ya baba, maana kwa kalenda yetu kesho yake ndiyo siku aliyofariki. Siku hiyo huja mara moja kwa mwaka, na mwana huisema Kadishi. Simu ilikuwa kwenye droo ya vijiko, ndipo ilipoanza kutetemeka na kuvigonga vijiko.

"Baba, simu yako," alisema binti yangu.

"Iache itetemeke."

Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: itakuwaje kama ni jambo la maana?

"La maana limeshaingia," nikamwambia, nikimwonyesha mishumaa. Akazungusha macho, akaenda chumbani kwake. Baadaye nilikuja kujua ulikuwa ujumbe wa fundi: mlango unaanza kesho, zamu za kusimama zimefutwa. Aliutuma saa za kazi za Mswidi, na Sabato ilikuwa imeshaketi mezani kwangu.

Asubuhi nilitembea kwenye barafu iliyofunikwa na theluji nyepesi, aina ile inayokuvunja kiuno huku ikipendeza. Nilifika na kukuta hakuna mtu mlangoni. Kando ya kioo jicho likawaka buluu.

Nikarudi nyuma, likazima. Nikasogea nigonge kioo, likawaka. Niligonga kwa vifundo vya vidole mpaka vikauma, lakini nani wa ghorofa ya tatu atasikia? Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka ukutani, laini, ya kubembeleza, ikaniambia kwa Kiswidi kwamba sitambuliwi, nisubiri. Nikasubiri. Baada ya kitambo ikarudi na ulaini uleule. Ombi langu limekataliwa.

Ombi! Nani aliomba? Nimewahi kufokewa na polisi wa nchi tatu na hakuna aliyenitia karaha kama sauti ile, maana polisi unamwona jasho. Nikajiambia fundi atashuka, tulikubaliana atashuka. Ili nisitukane siku takatifu nikaanza kuitamka aya ya baba, neno moja moja, kama vile watu wananipita na kuingia. Kila nikifika neno la kumi hakuna mtu, naanza upya. Miguu ikafa ganzi. Jicho likawaka na kuzima, likawaka na kuzima. Fundi hakushuka.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani sala ilipokwisha. Wa kwanza kutoka alikuwa mzee.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeudhika kwa ajili yangu. "Tumekungoja mpaka basi. Nimeirudia aya, nimeirudia, neno la kumi likakosa mwenyewe. Torati hatukuisoma. Kadishi haikusemwa."

"Nilikuwa hapa," nikasema. "Tangu asubuhi. Twendeni juu basi, dakika chache tu, niiseme."

Mzee akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma yake, na sote wawili tukaona. Wengine walikuwa wameshateremka kwa lifti hadi kwenye maegesho ya chini, magari yao yakaondoka. Mzee akanishika kiwiko.

Fundi alikuwa nyuma yake. Alikuwa ametoa simu yake na anaipekua kwa kidole gumba, na nikaona rangi inamtoka.

"Loo," akasema. "Ni wewe huyu?"

Akanigeuzia kioo cha simu. Sikutaka kutazama, na nilitazama. Juu kulikuwa na namba, kubwa, nyeupe: ndani tisa. Chini yake, nje mmoja, asiyejulikana, amekataliwa. Mwiko wa baba na mwiko wa nyanya imeandikwa pamoja kwa maandishi safi kabisa.

"Iliniambia haikujui," akasema. "Nikaona mwanamume mweusi, ana skafu, midomo inachezacheza, nikadhani ni mtu wa... unajua. Nilibonyeza tu kataa. Wewe nilikuwa nakusubiri."

Miaka mingapi nimekula meza moja na mtu huyu? Amenishika mkono wiki baada ya wiki. Kabla ya mashine angenijua gizani kwa mwendo wangu. Lakini mashine ilishamwambia hanijui, naye akaisadiki kuliko macho yake. Na wakati huohuo alikuwa juu, anatazama mlango wa chumba, anajiuliza kwa nini sijafika. Nilitaka kutema mate, sikutema kwa sababu mzee alikuwa bado amenishika kiwiko.

Kisha nikaiona picha yenyewe.

Jicho lile lilikuwa limenipiga kutoka juu, kofia imeshuka, mvuke wa pumzi mbele ya uso, mdomo nusu wazi katikati ya neno. Hakuwa mimi. Alikuwa baba, amesimama mlangoni, anamtazama usoni anayeingia, anatafuta neno la nani limefika. Sina picha yake akiwa hivyo. Hakuna aliye nayo, maana ilikuwa Sabato, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupiga picha siku ya Sabato.

"Pole sana," akasema fundi, na alimaanisha. "Aibu yangu hii. Ngoja niifute."

Nilitaka kumwambia asifute. Lakini ningemwambiaje, siku hiyo, anitunzie kilichopatikana hivyo? Nikafungua mdomo, na kidole gumba chake kikawa kimeshagusa. Akanionyesha kioo kikiwa kitupu, ili nitulie.