Kizito ni Kilichofungwa

Siku yangu ya kwanza kwenye meli ya kuchimba mafuta nilipewa kazi niliyodhani naijua tangu utotoni. Helikopta ilikuwa njiani, na kando ya deki inapotua kulikuwa na vifaa vilivyofunikwa turubai. Mimi ni mtoto wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera, ambako mabati ya paa hushikiliwa na mawe. Nikatafuta chuma kizito, nikakiweka juu ya turubai, nikajipangusa mikono.

Mkuu wa Deki, mama mfupi asiyejua kupaza sauti, alikitazama. "Na hiyo chuma imefungwa na nini?"

"Haijafungwa, madam. Ni nzito."

"Hapa kitu nzito ni ile imefungwa. Hiyo ingine ni risasi."

Akanieleza kwamba upepo wa mapanga ya helikopta ukigonga deki hugeuka, huingia chini ya turubai na kulirusha pamoja na chochote kilicho juu yake. Kwa hiyo tulifunga kila kitu kwa mikanda ya kukaza, na kisichofungika tukakiingiza ndani. Kisha alizunguka mwenyewe akivuta mkanda mmoja mmoja. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengine, kwenye meli mbili zaidi, na sijaona jicho kama lile.

Mara moja tu nililichukia. Rafiki yangu Wafula, mchomeleaji wa Kawangware, alikuwa kwenye machela akijikunja kwa maumivu ya tumbo, na muuguzi alikuwa ameshasema akichelewa atatufia. Helikopta ilikuwa karibu kugusa deki Mkuu alipoinua mikono, akaifukuza. Mkanda wa machela ulikuwa umefunguka, blanketi la Wafula likipepea.

"Madam, huyu anakufa," nikasema.

"Najua. Funga."

Nilifunga. Helikopta ikazunguka, ikatua, ikamchukua. Mapanga yangelinyonya lile blanketi, tungewazika yeye na rubani.

Sasa nimestaafu. Niliporudi Gatwekera nilipanda paani, nikateremsha mawe yote na kufunga mabati kwa waya hadi kwenye boriti. Majirani walinicheka, eti mzee ameleta ubaharia mtaani. Jumapili Wafula huja kunywa chai, na jiwe mojawapo ndilo kiti chake. Kabla ya kuketi huzunguka nyumba nzima akivuta waya moja moja.

"Yule mama alijua nakufa," huniambia, "na bado akasema funga."