Diski Iliyoingia Bila Hodi

Saa moja asubuhi, siku ya gulio Mkuyuni, Asia Pazi anaikodolea macho seva ndani ya chumba kidogo karibu na stendi ya Msamvu. Chai yake imeshapoa. Anasubiri kuona kama itazima tena, kama ilivyofanya magulio mawili yaliyopita.

Asia ni fundi wa kompyuta wa ushirika wa wakulima wa mboga wa milima ya Uluguru. Mboga zikipimwa Mkuyuni, kilo zinahifadhiwa kwenye seva hii, na dereva wa lori hapakii mzigo usio na stakabadhi. Seva ikizima, kilo zinapotea na mboga zinanyauka juani.

"Juzi Mama Theresia alinipigia," anasema, akimtaja mkulima wa kabichi wa huko mlimani. "Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema, 'Mashine yenu ikila kilo zangu tena, narudi kwa madalali. Na wenzangu naondoka nao.'"

Theresia si mtu wa kutishia nyau. Akiondoka kweli, ushirika utabaki jina.

Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Mwenyekiti wa ushirika alilaumu umeme. Asia alishuku kumbukumbu ya kompyuta, akafunga mpya, na seva ikazima vilevile. Leo ameamua kuzisoma kwa utulivu taarifa ambazo Linux, mfumo unaoiendesha seva, huziacha kila seva inapozima. Mistari ni mirefu, inachosha macho, lakini yote inalalamikia jambo moja: diski inagusa sehemu za kumbukumbu isizoruhusiwa.

Diski yenyewe haishikiki kwa mkono. Imeundwa kwa programu ndani ya seva, na hupitia kwenye kumbukumbu kila inapohifadhi kilo za mtu. Muda mfupi kabla seva haijaanza kuzima, Asia aliwasha mlinzi, yaani mpangilio unaoamua kifaa gani kiguse sehemu ipi. Vifaa vipya vyote aliviagiza vipite kwa mlinzi huyo. Diski ya zamani aliiacha ilivyo.

"Niliiona mwenyeji," anasema, akicheka kwa aibu. "Kwetu mtu wa nyumbani hapigi hodi, anasukuma mlango tu. Kumbe mlinzi hamjui! Siku za kawaida kazi ni chache, inabahatika kupenya. Gulio likichanganya, inakamatwa, na seva inazima."

Anarekebisha mstari mmoja wa mpangilio, diski nayo ipite kwa mlinzi. Anawasha seva upya. Kilo zinaanza kumiminika kutoka Mkuyuni, na Asia hathubutu hata kwenda chooni. Adhuhuri, lori linaondoka limejaa.

Mpango wake ni kuweka seva ya akiba hukohuko Mkuyuni. "Lakini kwanza natamani simu moja tu kutoka mlimani isiyo ya lawama," anasema.

Hajamaliza, simu inaita. Anaona jina la Theresia, anapokea.

"Shikamoo, mama."

Nyuma ya Theresia zinasikika kelele za gulio.

"Marahaba, mwanangu. Kwenye lori kuna kapu la magimbi. Ni lako."